MBEGU MOJA, MAJINA MATANO
Maelezo juu ya fumbo la maneno, na majina ya kunde na jamaa zake

Wako wasomaji wengi ambao, wakishapata gazeti, hawaanzi na habari za Baraza wala za mpira, bali hugeuza karatasi mpaka ukurasa ule wenye vyumba vyeusi na vyeupe. Hao ndio wapenzi wa fumbo la maneno, ambalo wengine huliita chemshabongo. Mtu asiyelizoea hudhani ni mchezo wa kupotezea wakati. Lakini fumbo lataka jambo moja ambalo hata wenye elimu kubwa huliona gumu, nalo ni kueleza maana ya neno kwa maneno machache, hata mtu mwingine alitambue bila kuambiwa jina lake. Na katika maneno yote yanayoleta ugomvi juu ya vyumba vile, sijaona yaliyo makaidi kama majina ya kunde, maharagwe na mimea mingine ya namna hiyo.

Ugomvi wenyewe niliushuhudia Mwiki. Nasema Mwiki ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, wala si ile ya Kasarani iliyo katika Kaunti ya Nairobi. Maana Mwiki ziko mbili, nazo haziko mbali moja na nyingine, na mtu asiyeeleza ni ipi amekwisha kumpoteza mwenziwe kabla ya kufika kituoni. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimesimama chini ya mabati ya duka moja la nafaka nikingoja mvua ikatike. Watu wanne walikuwa wameinamia gazeti moja. Kidokezo kilisema, "Mbegu ndogo za kijani, jamii ya kunde," na vyumba vilikuwa saba.

Kijana mwenye pikipiki akajibu upesi, "Ndengu!" Wakahesabu herufi, zikawa sita, chumba kimoja kikabaki kitupu. Bwana mmoja mzaliwa wa Mombasa akacheka, akasema, "Kwetu hizo ni pojo." Herufi nne tu; pojo lilipotea katikati ya vyumba kama mtoto katika koti la babaye. Ndipo mwalimu mmoja, aliyekuwa ameshika kalamu, akaandika CHOROKO, na vyumba vyote saba vikajaa. Wote wakanyamaza, isipokuwa bibi mmoja wa Murang'a aliyekuja kununua mahindi.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Thoroko si ya kijani. Thoroko ni kunde. Nimeipanda tangu utoto wangu."

"Shosho, hili ni choroko, si thoroko," akajibu mwalimu kwa adabu.

"Basi hesabu herufi zangu."

Wakahesabu. T, H, O, R, O, K, O: saba kamili. Neno la bibi liliingia katika vyumba vilevile, likitofautiana na lile la mwalimu kwa herufi ya kwanza peke yake. Kilichoamua shauri kilikuwa neno lililoshuka chini kutoka chumba kile cha kwanza, ambalo kidokezo chake kilikuwa "Hulimwa Limuru, hunywewa kila mahali." Hapana aliyeshindana juu ya CHAI, na kwa C ile mwalimu akashinda. Lakini bibi aliondoka bila kuridhika, na mimi naona alikuwa na haki yake.

MAJINA YANAYOHAMA

Katika watu wale wanne hapana hata mmoja aliyekosa. Mbegu ndogo za kijani ambazo wataalamu wa mimea huziita Vigna radiata huitwa choroko katika Kiswahili cha kamusi na katika masoko ya Tanzania. Watu wa Mombasa huziita pojo. Katika Nairobi, Kiambu na Ukambani huitwa ndengu, na jina hilo limeenea hata katika Kiswahili cha mjini, kiasi kwamba mtoto wa Ruiru akiambiwa aende dukani kununua choroko atarudi mikono mitupu. Na katika Kigikuyu, thoroko ni kunde, yaani mbegu nyingine kabisa, yenye jicho pale iliposhikana na ganda lake.

Tena neno kunde lenyewe halikutulia. Mtu wa pwani akisema kunde, mara nyingi fikira zake zi juu ya mbegu. Mtu wa Nairobi akisema kunde, aghalabu anataka majani ya mboga, yaliyofungwa mafungu, ya kupika pamoja na vitunguu. Mmea ni mmoja. Mmoja ala chini yake, mwingine ala juu yake. Na tukitaka kusema jamii nzima ya mimea hii, kuanzia maharagwe hata mkwaju, bado twasema jamii ya kunde, kwa hiyo neno hilo moja labeba mizigo mitatu. Usisahau pia kwamba mtu mwenye ngozi isiyo nyeusi sana wala nyeupe husifiwa kuwa ana rangi ya maji ya kunde.

Dengu nalo lina kesi yake. Ukiondoa ile N ya mbele, ndengu ya Nairobi yageuka kuwa dengu ya Tanzania, ambayo ni kitu kingine: punje kubwa zaidi, rangi ya udongo au ya maziwa yaliyoungua, yenye ncha iliyochongoka kama mdomo wa kifaranga. Wahindi huisaga ikawa unga wa bhajia. Njugu ni vilevile. Barabarani Thika, mwenye kuuza njugu huuza karanga zilizokaangwa, zilizotiwa katika karatasi iliyosokotwa. Lakini mkulima wa Kigikuyu akisema njugu huenda anakusudia mbaazi, ule mmea mrefu kama kijiti unaokaa shambani zaidi ya mwaka mmoja. Na ukisema njugu mawe, ni mbegu ngumu ya mviringo inayozaliwa chini ya udongo kama karanga, lakini si karanga. Njegere pia huitwa njegere katika vitabu, ila sokoni Ruiru usiseme hivyo, sema minji.

Mchanganyiko huu si bure. Mimea hii ilikuja kutoka pembe mbalimbali za dunia, nayo ilifika mahali palipokuwa na majina tayari. Kunde na fiwi ni za Afrika tangu kale, na njugu mawe pia. Choroko na mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Dengu ilianza kulimwa huko Asia ya Magharibi. Karanga na maharagwe vilitoka Amerika, ambako watu wa huko walivilima maelfu ya miaka kabla ya jahazi lolote la Ulaya kufika. Mgeni akifika kijijini hupewa jina la yule anayefanana naye, na baada ya miaka mia mbili hapana akumbukaye nani alikuwa mwenyeji na nani mgeni.

HASARA YA MAMA WA DUKA

Msomaji aweza kusema, "Haya yote ni maneno tu." Mvua ile ilipozidi, mama mwenye duka alitueleza kisa chake, naye hakuwa akicheka. Mwaka mmoja, ndengu zilipopanda bei, aliagiza magunia matatu kwa simu kutoka kwa mfanyabiashara wa upande wa Tanzania. Aliandika, "Nataka dengu safi, zilizopepetwa." Yule bwana alikuwa mwaminifu. Alileta dengu safi, zilizopepetwa, gunia zima kwa zima. Mama alipofungua gunia la kwanza akakuta punje zile zenye mdomo wa kifaranga, ambazo wateja wake wa Mwiki hawazijui, hawazipiki, wala hawazitaki hata kwa nusu bei.

Hapakuwa na mwizi katika habari hii, wala mwongo. Muuzaji alitimiza agizo neno kwa neno. Mama alilipa kwa kuwa alikuwa ameahidi, kisha akauza magunia yale kwa hasara kwa mpishi wa bhajia mjini, na karo ya muhula ule aliilipa kwa mkopo. Tangu siku ile, akisema, haagizi mbegu yoyote kwa jina. Hupiga picha ya punje mkononi mwake, pamoja na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, akaipeleka kwa simu.

Nilipotazama picha zake nikaona kwamba mama yule, bila kusoma kitabu chochote cha mantiki, amegundua kazi ya ufafanuzi. Maelezo mema ya neno huwa na sehemu mbili. Kwanza husema kitu kile ni cha jamii gani. Pili husema kinatofautianaje na ndugu zake. "Mbegu ya jamii ya kunde" ni sehemu ya kwanza, nayo haitoshi, kwa sababu ndugu ni wengi. "Ndogo, ya kijani, yenye kidoa cheupe ubavuni" ni sehemu ya pili, na hapo ndugu wengine huanza kuondoka mmoja mmoja. Ubaya ni kwamba vitabu vidogo vya maneno vingi huishia sehemu ya kwanza. Ukitafuta neno hili waambiwa ni aina ya lile. Ukienda kwa lile waambiwa ni aina ya hili. Nawe wazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Kosa jingine, ambalo naliona katika mafumbo ya magazeti mara kwa mara, ni kuita maharagwe "nafaka". Nafaka ni punje za nyasi: mahindi, mpunga, mtama, wimbi, ngano. Ni kweli duka la mama yule laitwa duka la nafaka na ndani yake mna magunia ya maharagwe. Lakini hata sabuni imo. Jina la duka si ushahidi.

FIWI NA NJAHI

Kati ya majina yote, lile linaloitwa fiwi ndilo la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa makosa yake yaweza kufika tumboni. Katika Kiswahili jina hilo hutumika kwa mimea miwili. Mmoja ni ule ambao Wagikuyu huita njahi, wenye mbegu nyeusi na mstari mweupe ubavuni kama uzi ulioshonwa. Wa pili ni haragwe pana, bapa, lenye asili ya Amerika, ambalo Waingereza huliita kwa jina la mji wa Lima. Huyu wa pili, hasa zile aina zenye rangi, ana ndani yake kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Dawa yake ni kuziloweka, kuzichemsha sana katika chungu kisichofunikwa, na kuyamwaga maji yale. Mpishi anayeijua fiwi moja tu, akipewa mbegu ya fiwi nyingine na kuambiwa "ni fiwi", atakuwa amepewa kidokezo cha hatari.

Wala maharagwe ya kawaida hayana usalama yakiliwa mabichi. Maharagwe mekundu yana sumu yake ambayo huleta kutapika na kuhara kwa muda wa saa chache, na sumu hiyo haiondoki kwa moto mdogo wa kuvuguvugu. Yapasa yalowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10. Wengine hushauri 30. Mama zetu wanaopika githeri kwa saa mbili au tatu hawahitaji onyo hili. Nalitoa kwa ajili ya vijana wa nyumba za kupanga, ambao kwa kuogopa gharama ya gesi huyatoa maharagwe yakiwa bado yalia chini ya meno.

Tukirudi kwa njahi: katika nchi hii ya Thika na Ruiru, neno hilo si la chakula tu. Wagikuyu wa zamani waligawa mwaka kwa mazao. Mvua ndefu, zile za Machi mpaka Mei, ziliitwa mvua za njahi, na mvua fupi za mwisho wa mwaka zikaitwa mvua za mwere, yaani uwele. Na ule mlima uliosimama peke yake upande wa mashariki wa Thika, ambao wengi huuita Kilimambogo au Ol Donyo Sabuk, una jina la Kigikuyu lenye njahi ndani yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya desturi za Wagikuyu kilichotolewa mwaka 1938, aliutaja miongoni mwa milima mitakatifu, akaueleza kuwa ni mlima wa mvua kubwa. Mwanamke aliyejifungua alipikiwa njahi, na bado hupikiwa. Kwa hiyo mtunga fumbo akiandika "Chakula cha mzazi, tena majira ya mvua, herufi 5," atakuwa amewatendea haki wazee wengi kwa mstari mmoja.

Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka 1997 jinsi katika karne ya ishirini maharagwe ya kigeni yalivyosukumwa mbele, yapate kuuzwa nje, na njahi na kunde za wanawake zikarudi nyuma shambani. Jambo hilo lafaa kukumbukwa tunaposikia mtu akisema kwamba maharagwe ndiyo chakula cha kienyeji na njahi ni chakula cha sherehe. Zamani ilikuwa karibu kinyume.

Hata hivyo maharagwe nayo yamekuwa wenyeji wa Thika kwa njia ya pekee. Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti wa kilimo cha Thika kilikuwa na mradi wa mimea ya mikunde, na aina zilizochaguliwa huko zilipewa herufi GLP, ambazo ni vifupisho vya jina la mradi ule kwa Kiingereza. Watu wa sokoni hawana haja na herufi. Wao husema Rosecoco, Mwitemania, Wairimu, Mwezi Moja. Hili la mwisho ni kidokezo cha uongo kabisa, kwa sababu mmea huo hukaa shambani zaidi ya miezi miwili. Ninamjua mtu aliyekuja kutoka mjini, akapanda Mwezi Moja, akaalika rafiki zake kula baada ya wiki tano. Walikula majani.

MAHARAGWE YASIYO MAHARAGWE

Katika kazi ya kutafsiri, nimepambana mara nyingi na neno la Kiingereza ambalo kwao ni "haragwe", lakini kwetu si haragwe. Waingereza huiita mbegu ya kahawa kwa jina la haragwe, na mbegu ya kakao hivyohivyo, na hata mbono, ule mmea wa mafuta ya kuharisha ambao mbegu zake zina sumu kali. Mfasiri mwenye haraka huandika "maharagwe ya kahawa", na neno hilo nimeliona limepigwa chapa juu ya pakiti nzuri za dhahabu. Kahawa si jamaa ya kunde hata kidogo. Haina ganda refu linalopasuka mara mbili. Ina tunda jekundu la mviringo, na ndani kwa kawaida mbegu mbili zilizogusana kwa upande bapa. Kiswahili kina neno lake la kale, zuri, lenye herufi nne tu: buni.

Ingekuwa aibu kwa watu wa Ruiru kulisahau neno hilo. Mashamba ya kahawa ndiyo yaliyoizunguka nchi hii kabla ya kujengwa nyumba za kupanga. Vitongoji vya jirani vyaitwa Kahawa Wendani na Kahawa Sukari. Na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndicho kilichozaa katika miaka ya 1980 mche uitwao Ruiru 11, unaostahimili ugonjwa wa buni na ule wa kutu ya majani. Leo mtu wa Mwiki aweza kumaliza mwaka mzima bila kuuona mti wa kahawa, ingawa hupanda gari kila asubuhi linalopita mahali penye jina lake.

Buni lina faida nyingine kwa mtunga fumbo. Kama kitendo, kubuni ni kutunga jambo jipya. Ukitia M mbele, wapata mbuni, nalo ni mtu atungaye jambo. Ni mti wa kahawa. Tena ni yule ndege mkubwa akimbiaye asiruke. Na viwandani humuhumu Kiambu, mbuni ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kumenywa, ambayo bei yake huwa chini. Maana nne katika vyumba vitano! Waingereza, ambao gazeti lao The Times lilianza kuchapisha fumbo mwaka 1930, husifu sana vidokezo vyao vya hila. Lakini Mswahili aliyelelewa kwa vitendawili hahitaji kufundishwa hila. Tofauti ni hii tu, kwamba kitendawili chataka kukuficha, na kamusi yataka kukufunulia; kidokezo cha fumbo chapaswa kufanya yote mawili katika mstari mmoja, tena kwa haki.

JINSI KISWAHILI KINAVYOKAA KATIKA VYUMBA

Fumbo hili la vyumba si la kale sana. Alilibuni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, nalo lilichapishwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913. Lilitengenezwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kiliingia ndani yake kama mtu avaaye viatu vya mwingine: vyafaa, ila vyabana mahali fulani.

Pa kwanza pabanapo ni mwisho wa neno. Maneno yetu karibu yote huishia kwa A, E, I, O au U, kwa hiyo kila mstari ufikapo ukingoni hugombea herufi tano zilezile. Pa pili ni mwanzo. Kiswahili hubadili neno mbele, si nyuma. Haragwe ni moja, maharagwe ni mengi, mharagwe ni mmea wake. Na kidokezo kisemacho "mbegu" hakiwezi kukubali jibu la mmea. Mwenye kuandika "Mmea wa kunde" hana budi kutaka MKUNDE. Akitaka KUNDE, aandike "mbegu" au "mboga". Kosa hili dogo hupoteza wasomaji wengi kuliko maneno magumu ya Kiarabu.

Pa tatu ni tofauti za nchi. Mtanzania huandika maharage, herufi nane. Mkenya huandika maharagwe, herufi tisa. Mtunga fumbo wa Nairobi na mfumbuzi wa Tanga hawatakutana katika neno hilo mpaka mmoja ahesabu vyumba. Mimi naona si haki kumwadhibu msomaji kwa mahali alipozaliwa. Kama neno lina makao, kidokezo kiyataje: "Pojo za Mombasa," "Ndengu kwa mtu wa Tanga." Hapo yule bibi wa Murang'a angejua mara moja kwamba hakuulizwa neno lake, wala asingeondoka na kinyongo chini ya mvua.

Sasa, kwa msomaji mwenye kalamu. Chora mraba wenye vyumba vitano kwenda kulia na vitano kwenda chini. Mstari wa kwanza na wa tatu viwe vyeupe vyote. Safu ya kwanza na ya nne ziwe nyeupe kutoka juu hata chini. Vyumba vyote vilivyobaki vitie wino. Utapata maneno manne ya herufi tano, mawili ya kulia na mawili ya chini.

Kulia, mstari wa kwanza: Bara huchuma majani yake, pwani hupika mbegu zake, maji yake ni sifa ya ngozi.

Kulia, mstari wa tatu: Hukimbia nyikani na husimama shambani Ruiru.

Chini, safu ya kwanza: Punje zilizooteshwa kwa maji, za kutengenezea pombe.

Chini, safu ya nne: Ina mdomo ila haisemi, ilimtia hasara mama wa duka.

Mtunga fumbo mvivu angeandika kwa mstari wa kwanza na kwa safu ya nne maneno yaleyale, "Kitu cha jamii ya kunde." Nawe ungeweza kuandika DENGU kulia, kisha GANDA likashuka kutoka herufi yake ya nne, na lile neno la mstari wa tatu likapita katikati bila kugombana na yeyote. Ungejipongeza mpaka ufike safu ya kwanza, ambapo ungetafuta usiku kucha punje zilizooteshwa ambazo jina lake laanza kwa D.

Majibu matatu yameandikwa mahali fulani katika maelezo haya. La nne sikulitaja. Nilimwachia mama wa duka karatasi yenye fumbo hili siku nyingine nilipopita kununua gorogoro mbili za njahi, akalijibu lile nililoficha kabla ya mengine yote, maana mama yake alikuwa akitengeneza uji wake. Lile la safu ya nne aliliandika la mwisho, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.